Mhandisi Modesta Kapinga, Aliyeketi Chini ya Tangi la Ziwani

Padre, ndugu, majirani wa Likombe, na nyinyi wageni wetu kutoka Ziwani mliofika tangu asubuhi, Tumsifu Yesu Kristo, na asalaam aleikum. Familia imenituma mimi Emmanueli, mdogo wa marehemu, nisome maisha ya dada yangu, na imenionya nisitie chumvi, kwa hiyo nitamsoma kama alivyokuwa.

Marehemu Mhandisi Modesta Kapinga alizaliwa tarehe 11 Agosti 1971 katika kijiji cha Kigonsera, wilayani Mbinga, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Gaudensi Kapinga, mkulima wa kahawa, na Mama Agnes, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Tangu utotoni alikuwa msumbufu kwa namna yake, maana mama akimtuma dukani akalete mafuta ya taa kiasi, yeye alisimama mlangoni na chupa mkononi mpaka aambiwe kiasi gani, na mama akichemka kwa hasira, yeye bado amesimama.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari mjini Songea, na mwaka 1993 alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea uhandisi wa ujenzi, ambako alihitimu mwaka 1997. Tarehe 2 Februari 1998 aliajiriwa hapa Mtwara na ofisi moja ya wahandisi iliyokuwa pale Ufukoni, akaja na sanduku moja na godoro, akisema atakaa miaka miwili halafu arudi kwenye baridi ya kwao. Wenyewe mnaona miwili hiyo ilivyokuwa mirefu.

Tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa na Ndugu Dickson Mwaipopo, mwendesha winchi wa bandarini, na Mungu akawajalia watoto wawili, Agnes aliyezaliwa mwaka 2003 na Elisha aliyezaliwa mwaka 2006. Watoto hawa wamelelewa kwa upendo mwingi na kwa swali moja lisilochoka, kwa sababu Elisha akirudi na hesabu akasema jibu ni ishirini, mama yake alitaka kujua ishirini mbuzi au ishirini magunia, na jirani yetu Mama Zuhura akibisha hodi kuomba chumvi kidogo, aliulizwa kidogo cha kijiko au cha kikombe, akapewa pakiti nzima huku wote wawili wakicheka.

Kazini alijulikana kwa programu ya kompyuta aliyoiandika mwenyewe, ambayo ofisi iliitumia kukokotoa misingi, nguzo na matangi. Programu hiyo ilifuata sheria yake kali, kwamba namba isiyotajwa kipimo chake haiingii, ukiandika tano bila kusema ni tano ya mita au ya tani inagoma na kukuuliza, kwa maneno aliyoyaandika yeye, namba hii ni ya nini. Wenzake waliipenda lakini walilalamika, wakasema inawachosha, kila kisanduku uchague kipimo upya kana kwamba hamjuani, na marehemu, ambaye moyo wake ulikuwa laini kuliko sheria zake, mwanzoni mwa mwaka 2015 akawakubalia, akaibadilisha ili kila kisanduku kikumbuke kipimo kilichotumika mara ya mwisho na kukiweka chenyewe. Siku hiyo walimnunulia soda.

Mwezi wa nne mwaka huo ofisi ilipewa kazi ya tangi la maji la kijiji cha Ziwani, tangi kubwa la zege lililopaswa kusimama juu ya nguzo nne, na hesabu za msingi alipewa Mhandisi Idrisa Nassoro, wakati huo kijana aliyetoka chuoni mwaka uliotangulia. Ripoti ya udongo ilisema mchanga wa pale unabeba kilonyutoni mia na ishirini kwa kila mita ya mraba, Idrisa akaandika mia na ishirini, na kisanduku, kwa kuwa kazi iliyopita ilikuwa ya mtu aliyetumia tani, kikaweka tani. Tani moja ni karibu kilonyutoni kumi, kwa hiyo udongo wa Ziwani ukahesabiwa kuwa na nguvu mara kumi ya ile aliyoupa Mungu, msingi ukachorwa mdogo, marehemu mwenyewe akaupitia na kuutia saini, na zege likamwagwa.

Tarehe 5 Juni 2015 alikwenda Ziwani kukagua kazi, nguzo zikiwa zimefika usawa wa kifua, akautazama ule msingi akaona ni mdogo mno kwa mzigo unaokuja. Alirudi ofisini, akafungua hesabu, na mbele ya macho yake kisanduku alichokibadilisha mwenyewe kilikuwa kimeandika tani. Mkubwa wake wa kazi alitaka mambo mawili, zege liongezwe pembeni kimya kimya, na Idrisa aandikiwe barua ya kufukuzwa, lakini marehemu alikataa yote mawili, akasema Idrisa aliandika namba aliyopewa, aliyeijazia kipimo cha uongo ni yeye, na kama kuna wa kufukuzwa basi waanze na yeye.

Tarehe 9 Juni alisimama mbele ya mkutano wa kijiji cha Ziwani, kwa watu waliokuwa wameahidiwa maji kabla ya mfungo wa Ramadhani, akawaambia msingi utavunjwa, maji yatachelewa miezi, na kosa ni lake. Familia haitaficha kwamba alizomewa, wapo waliosema amekula saruji, na Mzee Ismaili Chitanda, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliyepo hapa leo, alinyanyuka akamwambia, "Mama injinia, la kwanza umelikosea, sasa hilo la pili sisi tutajuaje kama ni zima?" Marehemu alijibu kwamba siku linajazwa kwa mara ya kwanza, yeye atakuwa amekaa chini yake.

Jumamosi tarehe 21 Novemba 2015 tangi lilijazwa, na marehemu akatandika mkeka katikati ya zile nguzo nne, akaketi. Ndugu Dickson alikuwa amemsihi asiende, akanuna, kisha akatoka zamu akamfuata kwa pikipiki, akaketi pembeni yake akisema kama linaanguka basi liwachukue wote. Maji yalipofika nusu Mzee Chitanda alivua makubazi akaingia mkekani, akina mama wakaleta mihogo ya kuchemsha, na mpaka linajaa, mkeka ulikuwa hautoshi. Tangi halikutikisika, na leo miaka karibu kumi baadaye bado linanywesha Ziwani.

Mwaka 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hapa Mtwara na Dar es Salaam, akaendelea kufanya kazi kadiri alivyoweza, na kwa manesi, kama mnavyoweza kudhani, alikuwa mgonjwa wa kuuliza. Mwezi uliopita Mhandisi Idrisa, ambaye sasa ndiye mkuu wa hesabu pale ofisini, alikuja kumwona, akamwambia kwa aibu kwamba miaka yote hii, kila akitaka kuiamuru programu ikokotoe, bado anaingiwa na woga, na humpigia yeye simu kwanza. Marehemu alimshika mkono akamwambia asitafute dawa ya woga huo, aendelee kuogopa hivyo hivyo. Alifariki dunia tarehe 2 Septemba 2025, saa kumi alasiri, akiwa na mume wake na watoto wake, na umri wa miaka hamsini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, majirani wa Likombe ambao hawajazima jiko tangu Jumanne, Mama Zuhura aliyemwogesha alipokuwa hawezi, wafanyakazi wenzake, na watu wa Ziwani waliokuja bila kuitwa. Jumatatu Mhandisi Idrisa anarudi mezani, kuna hesabu ya tangi jingine inamsubiri, na safari hii hana wa kumpigia simu.

Dada Modesta, umeogopa kwa ajili yetu sote muda mrefu. Pumzika sasa kwa amani, kuogopa utuachie sisi.