Nani Kang'oa Nyasi za Mama Chura?

Benchi letu liko juu ya Kijito cha Tarrick, kaskazini mwa Melbourne, mkabala na gari la kahawa. Kijito chenyewe kilikuwa mfereji wa zege tangu utoto wetu, hadi Marlene, tunayemwita Mama Chura, alipoisumbua manispaa wee, zege likavunjwa. Jumamosi tulipanda nyasi za asili kingoni, magoti yakiwa topeni, ili udongo ushike na vyura warudi. Leo tumekuta zote zimeng'olewa. Na kesho imetabiriwa mvua kubwa. Kahawa haimshuki Mama Chura, na mimi roho inaniuma kumtazama.

— Sungura hao, akaanza Des, ambaye kwa umbea wake tunamwita Redio.

— Sungura gani anang'oa na mzizi? Profesa akamkata. Fundi bomba mstaafu huyo, ila anasoma magazeti. — Ni matajiri wa maghorofa. Wanataka ukingo ubomoke, wauziwe kiwanja. Mchimba kisima huingia mwenyewe!

— Kisima kimeingiaje hapa? Redio akauliza.

— Kaa hivyo hivyo na ujinga wako.

— Basi mimi nasema ni yule mnyama mwenye mdomo wa bata, Redio akasema. Karudi na ukoo mzima, wanajenga. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hajaonekana hapa tangu enzi za babu yangu! Profesa akapinga.

— Ndiyo ujue ana akili.

Mzee Thanasi, Mgiriki wetu, alikuwa anakoroga tu kahawa isiyo na sukari.

Akapita dada mmoja na mbwa wake, mgeni mtaani. Akachungulia chini.

— Samahani, nimewasikia. Huyo mwizi mbona kang'oa nyasi zote, halafu mchunga, ile mboga chungu ya porini, kaupalilia vizuri hivyo?

Redio akazimika. Mtaa mzima huu, anayekula mchunga ni mmoja. Tukamgeukia Mgiriki wetu.

— Marlene, mama, Mzee Thanasi akasema taratibu. — Jumamosi nilikuwa kwenye ubatizo, sikuwaona mkipanda. Nilijua ni magugu. Nikasema nikusafishie kijito chako.

— Umezitupa wapi?

— Ziko nyuma ya banda la kuku. Bado mbichi.

Mama Chura akaweka kikombe chini.

— Inuka, mzee. Tunazirudisha leo hii. Na mchunga utaung'oa wewe mwenyewe.

— Wote?

— Wote. Unasonga miche.

— Hata wa kula Kwaresima, tunapofunga nyama?

— Wote, Thanasi.

Mzee akautazama ukingo, machozi yakimlengalenga. Kisha akakunja mikono ya shati, akatangulia kushuka.