Kitabu Kinene cha Likizo

Fundi saa alijifanya anatazama nje ya dirisha la treni, lakini masikio yake yote yalikuwa kiti cha mbele. Hapo muuguzi mmoja alikuwa amepakata vitabu viwili, akimuuliza mama mtu mzima aliyekaa naye, wala hawajuani: "Mama, likizo hii nisome kipi?"

"Hicho chembamba. Kinene hakiishi."

"Nataka kisiishe, mama. Likizo tunakwenda kwa mama mkwe. Nikifungua kinene hanitumi jikoni. Anawanyamazisha watu, eti mke wa mwanangu anasoma."

Fundi akameza kicheko. Yule mama hakucheka. "Hata mimi mke wa mwanangu ni msomi," alisema taratibu. "Mwaka wa tatu huu anakuja na kitabu kile kile, na kikaratasi chake cha alama hakijatoka ukurasa wa tisa. Nami nimemsifu mtaa mzima."

Muuguzi akakisukumiza kile kinene ndani ya mkoba. Treni ikasimama, mama akainuka na kikapu chake.

"Chukua tu kinene, mwanangu. Ila alama uwe unaisogeza. Tukishamaliza kuosha vyombo, huwa tunachungulia."