Komeo la Mlango wa Uani

Sogeeni, wanangu, na wewe kitindamimba ilaze hiyo simu kifudifudi, maana pumzi niliyobakiwa nayo inatosha kusema jambo mara moja tu, nami nimechoka kuwaona mkitazamana kila nifunguapo kinywa, kana kwamba mimi ni sufuria iliyosahauliwa jikoni na kila mmoja anamngoja mwenzake aende kuiepua.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii msiiuze wala msiipandishie kuta za ugomvi. Vyumba ni vitatu nanyi ni watatu, hesabu ambayo mtoto wa darasa la kwanza angewafanyia. Meza ya kupigia pasi na zile pasi mbili za mkaa ni za binti yangu, kwa kuwa ndiye pekee kati yenu asiyeunguza kola. Chumba cha mbele ni cha kitindamimba, akikubali kuamka kabla jua halijamfuata humo. Kazi ya udobi, wateja wake na jina lake, ni vyako wewe mkubwa, uliyeibeba tangu magoti yangu yalipogoma. Msiniulize habari za kabati. Nimesema msiniulize! Haya, kabati nalo ni la binti, pamoja na lile guu lake bovu.

Sasa niacheni niseme lililonikaa kooni. Siku nne hizi nawaambia fungueni mlango wa uani, nanyi mnaniitikia "Ndiyo, mama" kwa sauti ile ya kubembelezea mgonjwa, na komeo liko palepale. "Mama anaweweseka," nilimsikia mmoja wenu akinong'ona koridoni. Siweweseki. Kitanda mlikisogeza dirishani wenyewe ili nipate hewa, na hewa hiyo ikaniletea mambo yote ya uani, nami niliyaona tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu awezaye kujisifia.

Binti wa fundi wa kuchomelea vyuma, yule jirani mpya, alikuwa akilisukuma tairi lake njiani. Tairi likamponyoka, likaingia kwa mlango wetu uliokuwa wazi, likaigonga nguzo ya kamba, na mashuka sita ya nyumba ya wageni yakaporomoka matopeni, na chini ya mashuka hayo alikuwamo mjukuu wangu Sisimizi, aliyekuwa akihesabu vibanio. Kisha yule mgeni akainua pindo la shuka, akachungulia.

"Umekufa?"

"Bado," akajibu Sisimizi, "lakini baba akitoka, tutakufa wote wawili."

Wakacheka, wanangu, wakacheka mpaka shuka likatetemeka juu yao, na mimi huku kitandani, kwa mbavu zangu hizi zinazouma, nikacheka nao.

Wala hawakukimbia. Hilo ndilo nililotaka kulisema tangu siku ile mkaninyima nafasi. Walichota maji, wakayafua upya mashuka yote kwa vimikono vile, wakayasuuza mara mbili, na Sisimizi, aliyenisikia mara mia nikisema kwamba nguo nyeupe hung'arishwa na ile dawa ya buluu, akaona mashuka yaliyoaibika kiasi hicho yanastahili chupa nzima. Nilipaza sauti dirishani, "Kifuniko kimoja! Kifuniko kimoja!" lakini sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni. Yalipoanikwa yalikuwa na rangi ya sare za shule.

Ndipo ulipotoka wewe mkubwa. Kwa kukasirika sikulaumu. Mashuka ni ya mteja, na mteja ana haki ya kulala kwenye rangi aliyoileta. Lakini hukuuliza neno. Ulimwambia mtoto wa watu, "Toka, nisikuone tena hapa," ukaufunga mlango, ukalisukuma komeo kwa kisigino. Tangu hapo, kila alasiri, mtoto yule anakuja anagonga mara tatu, polepole, na Sisimizi wako anasimama upande huu, kidole kimepenyezwa kwenye ufa wa ubao. Alasiri tatu amegonga. Hii ni ya nne, na bado sijamsikia.

Usinikatize. Najua utakalosema, kwa sababu maneno hayo ni yangu, na komeo hilo ni langu. Nililinunua mimi, nikalipigilia mimi, ulipokuwa na miaka saba, siku tiara ya mtoto wa mshona viatu, yule mliyemwita Kijiti, iliporuka na upepo ikanaswa kwenye kamba yetu, naye akaingia kuifuata, mkaivuta pamoja mkicheka kama mliozaliwa tumbo moja, mpaka beseni la wanga likamwagikia koti la bwana harusi. Nilimfukuza. Alasiri tatu Kijiti aligonga, nawe ukasimama pale pale anaposimama mwanao sasa. Ya nne hakugonga, na mwisho wa mwezi watu wao wakahama. Hukulia. Ulikuja ukaniuliza kama kuna nguo za kukunja, nami nikafurahi, mjinga mimi, nikajisifu kwa majirani kwamba nimepata mtoto wa kazi. Umekunja nguo tangu siku ile, mwanangu. Una miaka hamsini, na sijawahi kumwona mtu akija hapa kukuulizia wewe, asiulizie nguo zake.

Mimi ndiye niliyekufanya hivyo. Nisamehe, na usinisamehe kwa mdomo.

Nenda ukalifungue. Wewe, siyo dada yako, keti, binti. Baraka yenu ninayo, iko hapa ulimini, na siitoi kabla sijalisikia komeo hilo.

Nipe maji kidogo. Basi, yatosha.

Mbona kimya? Limeshika kutu? Mwambieni alipige kwa kisigino, kama alivyolifunga... Tena... Hilo. Hilo ndilo.

Haya, pokeeni. Mungu awape mikono isiyochoka na milango isiyowachosha wengine. Mpendane hata siku ambayo hampendezani. Mashuka mapya ya mteja yatatoka kwenye akiba yangu ya nguo, mle kabatini. Yale ya buluu yabaki hapa, na moja nifunikeni sasa, nasikia baridi miguuni. Siyo hilo. La buluu. Ndiyo.

Sisimizi yuko wapi? Asi... asiambiwe kitu leo. Acheni acheze.

Nyamazeni. Mnasikia? Mara tatu, polepole. Mlango uko wazi, na mtoto wa watu bado... anagonga.

Mkubwa. Mwambie wewe. Mwambie... aingie.