Mama Kasonde na Mlango Ambao Hakuna Aliyeuvuka

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitano na miezi mitatu, Bi. Musonda Kapembwa, katibu muhtasi wa Shirikisho la Mkono Mmoja, muungano wa vyama vya wafanyakazi, hapa Ndola, anastaafu. Wasifu huu nimepewa kuuandika mimi, Chishimba, Katibu wa Uandikishaji, kwa kuwa nimekaa naye ofisi jirani kwa muda mrefu kuliko wote, na kwa kuwa wenzangu walisema wana shughuli.

Mama Kasonde, kama tunavyomwita, alianza enzi za kuchapa kwa stensili. Katiba yetu ameipiga chapa mara nane, maana kila Mkutano Mkuu, baada ya kila miaka minne, lazima ubadilishe jambo, aghalabu rangi ya bendera. Sisi viongozi, wa migodini, wa reli na walimu, katiba tuliijua kwa kuipunga hewani. Yeye aliisoma. Msemaji akikwama kwenye malengo ya Shirikisho baada ya lile la kwanza, umoja, sauti yake ilitoka meza ya kumbukumbu ikitaja la pili: kila mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama. Mimi nimekwama hapo mara tatu.

Mwaka 2004 watumishi kumi na mmoja wa makao makuu, wakiongozwa naye, waliomba tawi lao litambuliwe. Nikapewa kazi ya kuwakatalia. Niliandika kwamba ofisi yetu ni familia, kwamba wakati haujafika, na kwamba milango iko wazi. Maneno hayo niliyatoa kwenye barua za waajiri, zilezile nilizozicheka kwenye semina kwa miaka kumi. Barua aliichapa yeye mwenyewe, na tarehe niliyokosea akairekebisha.

Wiki iliyofuata, asubuhi ya kikao cha Halmashauri, wote kumi na mmoja walisimama mlangoni na bango la mgomo. Wajumbe ishirini na watatu tulishuka magarini, tukalisoma, tukaganda. Kwetu, anayevuka mstari wa wagomaji huimbiwa nyimbo za kejeli mpaka wajukuu wake wahame mji. Katibu Mkuu wa wakati huo, Bwana Nkandu, akajaribu upole.

“Mama, tupisheni kidogo tu, makabrasha yako ndani.”

“Pita, baba, sijamshika mtu,” akajibu. “Ila nitaandika kwenye kumbukumbu nani amepita.”

Hakupita mtu. Halmashauri ya taifa ikakaa kwenye viti vya mama mmoja muuza nshima, ugali wetu, ng'ambo ya barabara, na hoja ya tawi ikapigiwa kura. Wajumbe kumi na mmoja wakakubali, kumi na mmoja wakakataa.

Wa ishirini na tatu nilikuwa mimi, na nilikuwa dirishani. Kwa kutaka kumfurahisha mkubwa, nilizunguka nyuma nikafuate makabrasha kupitia dirisha la jikoni, nikakwama kiunoni. Mama Kasonde, aliyekuwa amehesabu mikono, alinifuata, akaishika miguu yangu, akavuta.

“Rudi, baba. Nusu hii bado ni ya chama.”

Nilirudi nikiwa na vumbi kifuani, nikanyoosha mkono, na tawi likazaliwa kwa kura kumi na mbili. Kumbukumbu za siku ile zinasema hakuna mjumbe aliyevuka mstari. Ni kweli, ukihesabu miguu tu. Aliniambia tawi changa linahitaji kura, halihitaji msaliti, na jambo hilo hajaligusia tena.

Tangu hapo nimechaguliwa mara nne nikisimulia nilivyosimama imara siku ile, yeye akiwa pale pale mezani, akiandika. Sijui aliwezaje kutocheka. Naona aibu, na nampenda kwa hilo.

Asante, Mama Kasonde, kwa tawi na kwa mkono wako wenye nguvu. Ukale ustaafu wako kwa raha na afya huko Luwingu, kati ya wajukuu. Mkutano Mkuu ni Septemba, nami nagombea Ukatibu Mkuu. Kazi ya kunitunzia siri umeimaliza. Leo nimeitoa mwenyewe, wapige kura wakijua.