Mwamba Aje Auokoe Mwamba

Ukishuka basi pale Iguguno na kuvuka barabara, ukawaacha nyuma wauza mafuta ya alizeti na madumu yao, utauona mwamba mmoja mkubwa kama ghala la ushirika. Kivulini mwake kuna benchi la mbao, mguu mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Hapo ndipo kijiweni. Siku ya maongezi haya, kijiji kilikuwa kinangoja mkutano wa kesho yake, saa nane mchana, wa kuamua kama mwamba huo upasuliwe kokoto. Upande wa kupasua uliongozwa na Mzee Alute, mwenye mashine ya kukamua alizeti ng'ambo ya barabara na malori mawili yanayosubiri mzigo. Upande wa kutopasua ulikuwa ni benchi. Kivuli kikigeuka kokoto, kijiwe kinaanikwa juani kama ulezi. Aliyejitwisha kazi ya kukiokoa ni Bonifasi, maarufu Transiti, dereva mstaafu wa malori aliyefika Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura, na ambaye kwa maneno yake mwenyewe kote huko anachokifahamu vizuri ni maegesho. Yeye ndiye aliyempigia simu Elisha, mzaliwa wa Iguguno, mpiga gitaa wa rock na mwanaharakati, aje awageuze wananchi. Elisha alikubali palepale. Tangu akubali, Transiti hajapata usingizi wa maana.

– Huo muziki wake unaitwaje vile? – aliuliza Katibu, huku ameegesha baiskeli yake kwenye mwamba. Katibu hajawahi kuwa katibu wa kitu chochote, ila mfukoni ana kalamu mbili.

– Rock.

– Maana yake?

– Mwamba.

– Sasa hapo fafanua. Mwamba ni muziki, mwamba ni yeye mwenyewe, au mwamba ni huu tulioegemea?

Transiti aliliweka swali kichwani, akaligeuza kama mtu anayerudisha nyuma lori lenye tela.

– Vyote. Mwamba anakuja kupiga mwamba juu ya mwamba, ili mwamba usipigwe.

Katibu alichomoa kalamu moja, akatafuta karatasi, akakosa, akairudisha.

– Kisheria imekaa vizuri, – alisema.

Mama Scola, mwenye birika na jiko la mkaa, alimimina kahawa bila kucheka.

– Nyie chezeni na maneno. Mimi mwamba huu ukiondoka, kahawa ya moto nitamuuzia nani juani?

Neno hilo lilimwingia Transiti kuliko kahawa yenyewe. Akamgeukia Peniel, anayeitwa Kwaya kwa sababu ya besi yake pale usharikani.

– Kwaya, waambie. Wewe umeimba na Elisha.

– Nimeimba naye tukiwa hatuna ndevu. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe. Dumu la mafuta, mpini wa jembe, na nyuzi ni waya za breki za baiskeli.

– Baiskeli ya nani?

– Ya mwinjilisti. Na mwinjilisti hakuambiwa. Aliteremka nayo mlima Sekenke, akafika Shelui ameokoka mara ya pili.

– Yesu wangu! – alisema Mama Scola.

– Elisha akaitwa mbele ya wazee ajieleze. Badala ya kuomba radhi, akasimama akasema, "Kiongozi asiyekagua breki zake asishangae mteremko." Siku ile nikajua huyu mtu atafika mbali, au atafika polisi.

– Akafika wapi?

– Kote. Na polisi alifika kwanza.

Transiti aliona sasa ni zamu yake, na akikaa kimya heshima ya barabara ndefu itapotea.

– Mimi nilimkuta Lubumbashi, nimeegesha. Ana bendi ya watu wanne wenye nywele hadi mabegani na mmoja mwenye kipara, nadhani ndiye aliyekuwa mhasibu. Wakati huo bei ya unga imepanda, wananchi wamekasirika. Elisha akapanda juu ya lori langu, akachomeka gitaa, akapiga wimbo wenye neno moja tu: Shusha! Umati ukapokea. Shusha! Shusha!

– Bei ikashuka? – aliuliza Katibu.

– Walinishushia mzigo. Lori zima la sabuni. Nilirudi Tunduma mwepesi kama tiara.

Walicheka mpaka benchi likayumba kwenye ule mguu wa mpira. Transiti naye alicheka, maana miaka yote ile ameona ni nafuu awahi kujicheka kabla wenzake hawajaanza.

– Hiyo ni ndogo, – alisema Katibu. – Mimi nimesikia alipofika Ulaya, askari walilikamata gitaa. Yeye wakamwachia. Gitaa likapandishwa kizimbani.

– Acha uongo!

– Mwendesha mashtaka akaliuliza maswali, likanyamaza. Akakasirika, akataka lipigwe kidogo mahakama isikie. Wakili akaruka: "Mheshimiwa, mteja wangu hawezi kupigwa mahakamani!"

– Likafungwa? – aliuliza Mama Scola, kisha akajikasirikia kwa kuuliza.

– Lilipata dhamana. Lilidhaminiwa na ngoma.

Kwaya hakutaka kuachwa nyuma. Alishusha sauti yake ya besi hadi kwenye soli za viatu.

– Na ile nchi ambayo rais wake alipiga marufuku uzi wa sita je? Alisema huo ndio unaotukana. Elisha akapiga na nyuzi tano. Basi ikifika sehemu ya uzi wa sita, wananchi wanauimba wenyewe kwa midomo. Sokoni, misibani, foleni ya hospitali. Rais akahamia kisiwani.

– Kisiwa gani?

– Hakina jina. Kingekuwa na jina wangemfuata.

– Basi! – Katibu aligonga benchi. – Mtu aliyehamisha rais, Mzee Alute ni nani? Kesho anapanda hapo juu, anapiga, wananchi wanainua mikono, tumemaliza!

Hata Transiti alianza kuamini. Usingizi uliomkimbia wiki nzima alihisi unarudi, unamgusa kope.

Wakati huo basi la kutoka Singida mjini lilikuwa limesimama, na dada mmoja ameshuka na dumu tupu kununua mafuta. Alivuka barabara kufuata harufu ya kahawa.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu. Karibu. Unaitwa nani? – alisema Mama Scola, akimfutia kikombe.

– Damari. Nawasikia mnacheka tangu kule. Mna sherehe?

Wote watatu walimweleza kwa pamoja: Elisha, mwamba, mkutano, rais wa kisiwani. Damari alikunywa taratibu, akautazama mwamba kuanzia chini hadi juu.

– Gitaa lake ni la umeme?

– La umeme kabisa! – Transiti alijibu kwa fahari ya mwenye mali. – Na spika zake anakuja nazo.

– Haya. Sasa hapa mtalichomeka wapi?

Katibu alishika kalamu zake zote mbili. Kwaya aliupapasa mwamba kwa kiganja, polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Transiti alizifuata nyaya za umeme kwa macho. Upande wao hapakuwa na nguzo hata moja. Ng'ambo waya ulishuka mahali pamoja tu, kwenye mashine ya Mzee Alute.

– Kahawa imeisha, – alisema Mama Scola, akilipindua birika.

Transiti alisimama, akanyoosha shati, akaanza kuvuka barabara huku akijizoeza kwa sauti ya chini:

– Shikamoo Mzee Alute. Naomba unisaidie umeme kidogo wa... wa kuchajia simu.

– Simu yenye spika! – Kwaya alimtupia kutoka nyuma.

Alifika katikati, lori likampigia honi, akarudi mbio kama mgeni wa mjini, yeye mwenye leseni ya madaraja yote. Aliposimama kuhema, macho yake yaliangukia kwenye dumu tupu la Damari. Yakakaa hapo. Kisha yakapanda taratibu hadi kwenye baiskeli iliyoegemea mwamba.

– Katibu, – alisema kwa upole ambao hajawahi kumwonyesha, – njia ya kwenda kwako ina mteremko?

Katibu aliinuka, akazishika breki zake kwa mikono miwili.