Kopo Langu la Vidonge na Jina la Shangazi Mbuke

Asifiwe Bwana, ndugu zangu wa Nkololo. Na kwa wazee wangu, mwadila. Nimesimama mbele yenu nikiwa mzima, kiuno kinauma kidogo, na tangu asubuhi sijameza kidonge hata kimoja. Hilo la mwisho ndilo lililonileta hapa kumshukuru Mungu.

Mnanifahamu. Naishi Bariadi mjini, nina shahada mbili, na huandika makala ambazo mama yangu huzitumia kufunikia vyombo. Mnaniita Profesa. Sijawahi kufundisha chuo chochote, lakini pia sijawahi kuwakatalia.

Ndugu zangu, ninyi viuno vinawauma kwa kuchuma pamba. Mimi changu kiliharibiwa na kiti. Nikaenda duka la dawa, nikauziwa diklofenaki, nikapata nafuu, na tangu siku hiyo nikawa najinunulia bila kumuuliza mtu. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, juu ya kahawa na tumbo tupu, kwa zaidi ya mwaka.

Kifua kikaanza kuwaka moto. Nikanunua magnesiamu, nikawa nazitafuna njiani kama karanga. Magnesiamu zikanilegeza tumbo, nikanunua vidonge vya kuzuia kuhara. Hivyo vikafunga kila kitu kwa siku nne, nikanunua dawa ya kulainisha choo. Na tumbo likinguruma tu, mimi nilishajipima kwa sikio nikajua ni amiba, nikameza vidonge vya amiba siku mbili na kuacha. Vyote vilikaa kwenye kopo la zamani la majani ya chai, na kopo halikutoka begini mwangu. Nikiingia msibani, watu walinitambua kwa mlio wake.

Na mimi huyo ndiye niliyekuwa nawacheka wanaovaa hirizi!

Sasa sikilizeni dhambi yangu. Jumamosi moja nilikuja kusalimia, nikala kwa shangazi Mbuke, dada wa marehemu baba: ugali wa mtama, mlenda, maziwa mgando. Kesho yake alfajiri choo changu kilitoka cheusi kama lami. Miguu ikaisha nguvu, nikaanguka uani kwa mama. Mama aliniuliza swali moja tu, jana nilikula wapi. Nikamwambia. Nilisema kweli, ndugu zangu, nikaishia hapo. Vidonge sikuvitaja. Nikaliacha jibu likae peke yake uani pale, na ninyi mnajua jibu la namna hiyo huota nini.

Mama akanileta hapa niombewe. Ilikuwa Jumapili ile watu walipoleta hirizi zao zichomwe. Mama Kabula, mzee wetu wa kanisa aliyekuwa muuguzi mpaka akastaafu, alinivuta nyuma ya kanisa, akanifunua kope za macho, akauliza choo kina rangi gani na huwa nameza nini. Nikamfungulia kopo. Akachungulia, akatikisa kichwa.

"Profesa, na hili ungelipeleka pale kwenye moto."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mlenda umekula jana," akasema. "Hivi vya kiuno unavimeza tangu lini?"

"Mwaka na kitu."

"Basi nani kakuroga?"

Akanitafutia gari saa hiyohiyo, kwaya bado inaimba. Alisema choo cheusi namna ile ni damu inayovuja ndani, na kwamba maombi yanaweza kunifuata njiani, lakini hospitali haiwezi kunifuata kanisani.

Hospitalini waliniteremshia mpira wenye taa kooni, wakakiona kidonda tumboni kinavuja. Daktari alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu asiye na shahada. Dawa za maumivu za aina ile huuvua ukuta wa tumbo kinga yake, hasa ukizimeza kila siku bila usimamizi. Vidonge vya amiba, ukivimeza ovyo bila kupimwa, huua na vile vijidudu vyema vinavyotusaidia kusaga chakula. Hivyo vingine vilikuwa vinagombana tu, na uwanja wa ugomvi ni mimi. Nikaongezewa damu, nikapewa dawa kwa kipimo na kwa muda wake, nikaambiwa niinuke kitini nitembee. Bwana aliniokoa kwa mikono ya watu wale, na sioni aibu kusema hivyo madhabahuni.

Lakini huo ulikuwa nusu ya ukombozi. Nikiwa Bariadi napona, mama alinipigia simu, tena kwa fahari, kwamba hakuna mtu anayekula tena kwa Mbuke. Wanawake waliacha kwenda kuchuma naye. Watoto walikatazwa maziwa yake, na yeye, mjane mwenye umri ule, akawa anawamwagia mbwa. Nikasema, "Mama, nitakuja." Nikakaa wiki tatu bila kuja.

Mnajua kwa nini? Kumsafisha shangazi ilikuwa lazima niseme mbele ya watu kwamba Profesa alijiroga mwenyewe, kwa hela yake, akasubiri na chenji. Niliona bora jina la mwanamke mzee lichafuke kuliko langu lichekwe. Asubuhi moja nikapiga magoti kushukuru kwa kupona, na maneno yakakatika mdomoni. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa uzima ambao shangazi ndiye aliyekuwa anaulipia.

Wiki iliyopita nilikwenda. Nilimkuta anaanika michembe, vile viazi vya kukausha, juu ya jiwe. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, tangu kiti mpaka kopo. Hakuacha kuanika. Alipomaliza akanitazama.

"Mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwa najua sijakuroga. Kawaambie wao."

Nikainuka kuondoka, akaniita tena.

"Na kama ningetaka kuroga, ningeanza na mwenye ng'ombe."

Basi nimekuja kuwaambia ninyi. Mbuke, shangazi yangu, hakuniwekea kitu chochote kwenye chakula isipokuwa chumvi. Leo amerudi kanisani. Yuko benchi la nyuma karibu na mlango, nadhani ili nikianza kuongopa atoke upesi. Mama yuko benchi hilohilo. Wameacha nafasi ya mtu mmoja katikati, na hapo Bwana bado anafanya kazi.

Ndugu zangu, sisemi dawa ni mbaya, maana ni dawa iliyoniponya. Nasema usijifanye daktari wa tumbo lako kwa sababu tu duka liko karibu. Uliza. Pimwa. Ukiona choo cheusi, kimbia hospitali, na usimtafute mchawi njiani. Mtumaini Mungu, naye amewaweka watu wanaojua. Mimi alinipa Mama Kabula. Wabeja, asante sana, Mama. Kopo nimelileta, lipo tupu. Shangazi ameliomba la kuwekea chumvi.

Tukitoka hapa, kwenye kaya yake kuna chungu cha maziwa mgando na michembe iliyopikwa asubuhi hii. Nawakaribisha wote. Mwenye mashaka asimame pembeni atazame: nitakunywa mimi wa kwanza. Mama ameniambia atakuwa wa pili.