Hakuna Aliyemwuliza Bi Raya

Leo, tarehe 30 Juni 1995, Bi Raya Dadi anastaafu baada ya kuitumikia Nyumba ya Mitindo ya Bondwa kwa miaka ishirini na tisa, kumi na minne ya mwisho akiwa mkuu wa ukataji. Katika miaka hiyo hakuna gauni la harusi wala suti ya kike iliyotoka humu bila kupita mezani kwake. Wengi wenu mlioketi ukumbini mmevaa kazi yake. Najua pia kwamba wengi mmekuja kumtazama mtu mwingine, huyo mnayeambiwa atakalia kiti chake. Lakini wasifu wa mstaafu humhusu mstaafu, kwa hiyo mtanivumilia.

Bi Raya ni mtoto wa Kinole, huko milimani. Aliteremka mjini akiwa msichana, akakaa Mwembesongo kwa mama yake mdogo, akapata kazi hapa ya kuokota pini sakafuni na kutia vifungo. Fundi mkuu wa wakati huo alikuwa marehemu Mzee Kasiani, mtu asiyecheka. Siku moja alimkuta yule binti amefumua mkono wa koti la mteja na kuushona upya bila kumwambia mtu. Mzee Kasiani alimwamuru achukue kanga yake aende kwao. Wakati anajifunga kanga mlangoni, mteja akaingia, akalijaribu koti, akainua mikono juu, akaishusha, akainua tena.

"Leo kwapa limeniachia nipumue," mteja alisema. "Nani kalitengeneza?"

"Mtu anayekwenda kwao," Mzee Kasiani akajibu. Kisha akamgeukia binti. "Na wewe unasimama nini hapo? Vua hiyo kanga, kuna koti la pili."

Hivyo ndivyo alivyopandishwa cheo.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini madukani hakukuwa na kitambaa hata cha leso. Mnakumbuka wenyewe, mimi nimesimuliwa. Filomena, binti wa mfanyakazi wa shamba la miwa, alikuwa anaolewa na hapakuwa na kitu cheupe mji mzima. Kwa mara ya kwanza katika habari hii namtaja Bi Martina, ambaye wakati ule alikuwa fundi mgeni kutoka Mahenge. Ni yeye aliyefikiria vyandarua. Bi Raya alikata, Bi Martina akapanga tabaka juu ya tabaka, na usiku wa harusi bibi harusi aling'aa kama mawingu ya juu ya mlima Bondwa. Mama mkwe akamvuta Bi Raya pembeni na kumwuliza kama kitambaa kile kimetoka Nairobi.

"Kimetoka mbali, mama," Bi Raya alimjibu. "Hata mimi nilipokiona mara ya kwanza nilishikwa na usingizi."

Tangu siku ile wawili hawa hawakutengana meza.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Vitambaa vikarudi, mitumba ikajaa sokoni, na magauni ya harusi yakaanza kushuka kutoka Dubai yakiwa kwenye mifuko ya nailoni, ya kukodi na ya kununua. Watu walisema Bondwa itafungwa kabla ya mwaka kwisha. Haikufungwa. Wake za wakubwa walizidi kuja kutoka Dar es Salaam na Dodoma, kwa sababu magauni ya Dubai yaliwabana au yaliwaning'inia. Bi Raya aliwapokea bila kuwasimanga sana. "Hili lilishonewa sanamu ya plastiki," alikuwa akisema huku analifumua. "Wewe una nyonga, mwanangu. Alhamdulillahi."

Hapo ndipo Bondwa ilipokuwa jina kubwa. Ndipo pia ilipopata wenye mali wapya, na mkurugenzi mpya, Bwana Athanas, ambaye amenipa kazi ya kuandika wasifu huu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na hapa ninajifunza ukataji. Bwana Athanas alisema mwandiko wangu unasomeka na mimi si msemaji.

Sasa niseme juu ya futi, maana fujo yote ilianzia hapo.

Katika nyumba hii kila fundi ana futi yake ya kupimia, ile ya kamba. Sisi tunaojifunza tunaiweka mezani. Mafundi wanaiweka mfukoni. Wanaoivaa shingoni ni wawili tu: mkuu wa ukataji na msaidizi wake, yaani Bi Raya na Bi Martina. Hakuna aliyeiandika sheria hii, lakini hata wateja wanaijua, na mteja akiona futi shingoni anajua amsalimie nani kwanza.

Mwezi wa nne, Bi Raya alikuwa anampima mke wa mkubwa mmoja. Adhana ya adhuhuri ikasikika. Mikono yake ilikuwa imejaa pini na chaki, msumari wa ukutani ulikuwa na gauni, na aliyekuwa karibu ni Luqmani, mpiga pasi wetu, mtoto wa mdogo wake wa kike. Bi Raya akaivua futi, akaitundika kwenye shingo ya Luqmani kama anavyotundika kitu ukutani, akaenda kutawadha. Basi. Ni hilo tu lililotokea.

Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika hadi mtaa wa Mafiga. Mkuu wa Bondwa amemvisha mrithi! Na waliojifanya wanajua wakaongeza chumvi: yule ni Mluguru, na kwa Waluguru ukoo ni wa upande wa mama, kwa hiyo atampa nani kama si mtoto wa ndugu yake wa tumbo moja? Ikawa hesabu imekamilika. Nilikuwa nikitoka kazini kwenda nyumbani Kilakala, watu wananisimamisha njiani. Muuza karanga: "We binti wa Bondwa, ni kweli ni yule wa pasi?" Jirani yetu, Mama Joyce: "Jesca mwanangu, nidokeze tu, mimi simwambii mtu." Huyo Mama Joyce angeweza kumwambia hata mfu.

Luqmani mwenyewe aliteseka. Watu wazima walianza kumwamkia kwanza. Kuna mama alimletea kuku. "Jamani, mimi hata kifungo sijui kutia!" alilalamika. "Siku nikishika mkasi mtanizika!" Wakacheka, wakasema tazameni unyenyekevu wake.

Hiyo ndiyo sehemu ya kuchekesha. Nimeiandika kwa sababu wasifu unatakiwa uwe na vichekesho. Lakini mimi nimekasirika, na sitaki kuficha.

Nimekasirika kwa sababu katika miezi yote hiyo Bi Martina alikuwa pale pale mezani. Amekata nusu ya magauni mnayoyaita ya Bi Raya, na Bi Raya hajawahi kulificha hilo. Mwezi wa tano alikuja mama mmoja na binti yake, akamwona Bi Martina ameinama anapima pindo, akasema kwa sauti bila haya, "Huyu atatusaidia kwa sasa. Gauni lenyewe tutalileta yule mtoto wa Bi Raya akishaanza."

Bi Martina akamaliza pindo. Akasema, "Geuka kidogo, mwanangu, nione nyuma." Kesho yake alikuja kazini futi ikiwa mfukoni.

Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Mimi pia sikuuliza, maana sijui kuanza maneno na watu wazima. Niliona shingo yake tupu, nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa vimekwisha oshwa.

Na Bwana Athanas, shikamoo yake anayo, naye aliamini. Namwandika kwa heshima kwa sababu ananilipa, lakini aliamini maneno ya muuza karanga. Alimpigisha Luqmani picha amevaa suti. Alisema yeye anaheshimu mila za watu. Mara nyingine nafikiri ilimfaa pia, maana mkuu asiyejua kukata hatabisha siku makontena ya magauni ya Dubai yatakapowekwa mahali pa meza zetu. Wiki iliyopita aliniita ofisini akaniagiza kwamba wasifu huu uishie na sentensi hii: nafasi yake itachukuliwa na mwanawe wa kifamilia, Bwana Luqmani.

Nilijaribu kuiandika. Nikaona siwezi kuandika jambo juu ya Bi Raya bila kumwuliza Bi Raya. Nikaenda kwake Mwembesongo Jumapili. Nikamwamkia, nikachezea ncha ya mkeka mpaka akaniuliza kama ninaumwa. Ndipo nikasema.

Alinitazama sana. "Nani alisema ni Luqmani? Luqmani huyu huyu wangu?"

Nikamweleza habari ya futi. Hakuamini. Nikarudia. Akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Na Martina amesikia?"

"Amesikia, Bibi. Futi ameiweka mfukoni."

Akaniambia kwao Kinole mrithi hatajwi mwenye kiti akiwa bado amekaa, ni kama kumwambia aharakishe kufa. Ndiyo maana hakusema, na ndiyo maana wanaoijua mila hiyo waliona aibu kumwuliza. Wasioijua waliona hakuna haja, walikuwa wameshajijibu. "Tena nilidhani mnaona kwa macho," alisema. "Mtu amesimama kando yangu miaka yote ile, nimtaje ili iweje?"

Jumatatu asubuhi aliingia karakana kabla ya wote kukaa. Hakumwita Bwana Athanas wala hakutoa hotuba. Alikwenda katikati ya chumba, akavua mtandio wake, akanyoosha mikono kama mteja.

"Martina," alisema, "nipime."

Mashine zikanyamaza. Lazima mjue kwamba tangu awe mkuu, Bi Raya alikuwa hajawahi kupimwa na mtu. Nguo zake alijikatia mwenyewe nyumbani, akisema hataki kumpa fundi yeyote siri ya kiuno chake.

"Dada, unanitania," Bi Martina akasema.

"Nina sherehe Ijumaa na sina nguo. Utanipima au niende Dubai?"

Bi Martina akatoa futi mfukoni. Mabega aliyapima mara mbili, lakini alipofika kiunoni hakurudia. Akataja vipimo, mimi nikaandika, na alipomaliza akaitundika futi shingoni, akasahau kuirudisha mfukoni.

Bwana Athanas ameambiwa. Anasema wageni wamekwisha alikwa na picha imekwisha safishwa, na tangazo lake litasomwa baada ya wasifu huu. Yeye ndiye mkurugenzi na anaweza kusoma analotaka. Sentensi aliyoniagiza mimi sikuiandika.

Bi Raya, tunakushukuru kwa makwapa yote uliyoyaachia yapumue, kwa ukali wako, kwa chai uliyotugawia siku za njaa, na kwa kutufundisha kumtazama mtu tangu kichwani hadi miguuni kabla ya kushika mkasi. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha, na wajukuu wasiokuibia chaki. Ukae vizuri, Bibi yetu.

Na ninyi wageni wetu mnaomtafuta mrithi ukumbini, kabla Bwana Athanas hajasimama, mwombeni Bi Raya ageuke taratibu. Gauni alilovaa limekatwa na Bi Martina. Tazameni lilivyomkaa, kisha mumsikilize Bwana Athanas.

Jesca Agustino
Karakana ya ukataji, Bondwa